Picha 31 za Nyumba ya Madale

Tanga,
Jumapili jioni

Mama,

Picha zimefika, zote 31. Nimezifungua mojamoja hapa barazani, mkazamjomba wako akichungulia begani. Tisa ni za jiko. Kabati za kijivu, marumaru hadi ukutani, dari ya jipsamu yenye vitaa vilivyojificha. Vyumba vinne, kimoja masta. Mkazamjomba wako anasema jiko hilo linatosha kupikia pilau ya harusi nzima. Mimi nilikuwa natafuta picha ya barabara, sikuiona. Nikatafuta ya tangi la maji, nayo sikuiona.

Swali lako lilikuwa fupi: "Mjomba, benki wametukubalia milioni 75, nyumba ni milioni 95, na sisi tuna 20. Tuchukue?" Nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu wewe hujibu kabla mtu hajamaliza kusema. Tabia hiyo umeirithi pamoja na jina la mama yangu, na ndiyo maana mpaka leo nashindwa kukugombeza.

Unajua nilivyokula chumvi kwenye dawati la mikopo ya nyumba, miaka 12 nikipokea mafaili. Wakati naajiriwa dawati lenyewe halikuwapo. Benki ya Nyumba ilikuwa imefungwa tangu 1995, na mtu wa mshahara aliyetaka nyumba alinunua tofali kwa awamu. Ilikuja sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, kisha mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kumkopesha mtu kama wewe kwa miaka 15 au 20. Kwa hiyo sina ugomvi na mkopo wa nyumba. Ndio uliowalisha binamu zako. Ila nataka ujue lile neno "wametukubalia" lina maana gani likitoka upande wa pili wa dawati.

Nilikuwa nafanya hivi. Nachukua hati yako ya mshahara. Mshahara 1,600,000. PSSSF asilimia 5, ni 80,000. Bima ya afya 48,000. Kodi 284,000. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu asilimia 15, ambayo ni 240,000 (hii ndiyo inayoniuma kuliko kodi). Mkononi unapokea 948,000. Mumeo kule kwenye kampuni ana 2,000,000; NSSF 200,000, kodi 368,000, anapokea 1,432,000. Mkichanganya ni 2,380,000. Kisha naangalia theluthi: mfanyakazi asikatwe mpaka akabakiwa na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Wewe lazima ubaki na 533,000 na ushee, yeye abaki na 667,000 hivi. Kinachozidi hapo, yaani kama 1,180,000 kwa nyinyi wawili, kinakatika. Marejesho ya milioni 75 kwa riba ya asilimia 17 mliyopewa, miaka 20, ni 1,100,000. Inaingia. Nagonga muhuri, naita faili linalofuata.

Umeona mwenyewe. Hakuna mahali nilipouliza mnaishi vipi. Ile theluthi imewekwa ili mfanyakazi asikose kabisa, wala hakuna aliyeiweka akifikiria ada, msiba wa Singida au mtoto kuumwa usiku. Fomu yetu ilikuwa na mstari wa wategemezi, unaandika "wawili" au "wanne", basi. Haikuwa na mstari wa michango. Sijawahi kuona fomu ya benki yenye mstari wa send-off.

Sasa keti na mkwe wangu, mzime televisheni, mfuatane na mimi polepole hapa.

Mwezi wa kwanza mtalipa 1,100,000. Riba ya mwezi huo peke yake, kwa deni la milioni 75, ni 1,062,500. Kinachopunguza deni ni 37,600. Soma tena hiyo namba. Elfu thelathini na saba na mia sita, pungufu ya mfuko mmoja wa mchele. Mwezi wa pili inaongezeka kidogo, wa tatu kidogo, lakini mwaka ukiisha mtakuwa mmeshalipa milioni 13.2 na deni limeshuka kwa chini ya nusu milioni. Miaka mitano ikiisha mmeshatoa milioni 66, na bado mnadaiwa milioni 71 na nusu. Mteja mmoja aliwahi kunijia na taarifa ya mkopo wake mkononi, anatetemeka, akidhani nimemwibia. Nilimhesabia mbele yake kwa kalkuleta. Hakuna aliyemwibia. Alikaa kimya kitambo, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Na mkilalamika kwamba marejesho ni makubwa, ofisa atawaambia kwa upole, "Tunaweza kuongeza miaka iwe 25." Mimi mwenyewe nilikuwa naisema hiyo sentensi. Kwa miaka 25 marejesho yanashuka kutoka 1,100,000 hadi 1,078,000. Mnapunguziwa elfu ishirini na mbili kwa mwezi, na mwisho wa safari mnakuwa mmelipa milioni 59 zaidi. Kwa riba za kwetu, za 15 hadi 19, kuongeza miaka hakununui nyumba kubwa zaidi. Kunarefusha kulipa tu.

Haya, tuje nyumbani kwenu. 2,380,000 mkitoa 1,100,000 zinabaki 1,280,000. Nimepiga hesabu kwa ninavyowajua, nirekebishe nilipokosea. Ada ya watoto wawili ni milioni 4.2 kwa mwaka, igawe iwe 350,000 kwa mwezi. Chakula 450,000, na hapo nimewabana. Dada wa kazi 100,000. Umeme, maji na gesi 90,000. Mama mkwe Singida 50,000. Nauli: sasa mko Sinza, mnafika kazini kwa gari moja, Madale mtapanda bodaboda mpaka lami, kisha daladala, huenda mbili. Nimeweka 4,000 kwa siku kila mmoja, siku 26, ni 208,000. Jumla 1,248,000.

Zimebaki elfu thelathini na mbili. Hapo hajaumwa mtu, hakuna aliyenunua kiatu, na simu zote mbili hazina bando.

Nina sababu ya kulitazama hilo salio la elfu thelathini na mbili kwa jicho baya. Nadhani mama yako hajawahi kukusimulia, maana ni mtu wa siri. Mwaka 2004, kijana wa benki, nina tai tatu, nilichukua mkopo wa wafanyakazi mpaka dari, kiasi chote walichonikubalia, nikanunua nyumba Tabata. Vyumba vinne kama hiyo yako. Sebule yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ukikohoa inakujibu. Ndani yake nilikuwa na viti viwili vya plastiki na redio. Wageni walikuja kuniona, wakasifia, wakaondoka wakiwa hawajapewa hata soda. Mwaka wa pili nikapangisha vyumba viwili, nikawa naishi na wapangaji ndani ya nyumba yangu, tunapanga zamu ya bafu. Mwaka wa tatu babu yako akatakiwa afanyiwe upasuaji. Kikao cha familia kikakaa, kila mtu akataja alichonacho. Zamu yangu ilipofika, mimi mwenye nyumba Dar es Salaam, nilitaja elfu ishirini. Mama yako hakusema kitu. Wiki ile aliuza cherehani zake mbili, zile za kushonea sare za shule.

Babu alipona, akaishi miaka mingine sita. Cherehani hazikurudi.

Ndiyo maana ukiniuliza nyumba ya kiasi gani, siangalii benki wamesema ngapi. Naangalia wewe umeshaonyesha nini. Umeniambia hiyo milioni 20 mmeiweka kwa miaka minne. Ukigawa ni kama 415,000 kwa mwezi. Ongeza kodi mnayolipa Sinza, 300,000, ambayo mkihama hamtailipa tena. Inakuwa 715,000. Hiyo ndiyo namba yenu, mama. Mmeiishi miaka minne yenye ada, harusi, mfungo, na ule mwaka baba yako alipolazwa. Haikutoka kwenye fomu ya mtu. Lakini mwenye nyumba wenu wa Sinza ndiye anayeziba paa likivuja na kununua pampu ikiungua, na mkinunua mtakuwa nyinyi. Kwa hiyo toeni laki moja na ushee kila mwezi kwa ajili ya nyumba yenyewe. Inabaki laki sita.

Laki sita kwa mwezi, kwa riba ileile na miaka ileile 20, inabeba mkopo wa milioni 41. Si 75.

Na ile milioni 20 msiimwage yote kwenye kianzio. Kuna ushuru wa stempu, kuna ada za kuhamisha na kusajili hati, kuna wakili, kuna mthamini, kuna ada ya benki ya kushughulikia mkopo, kuna bima ya mkopo inayolipa deni mmoja wenu akitangulia, na kuna gari la kuhamishia vitu. Wekeni milioni 5 pembeni, msizihesabu. Wekeni nyingine 3 za siku mbaya, mahali pasipofikiwa na kadi. Kianzio kinabaki 12. Kwa hiyo nyumba yenu ni ya milioni 53. Nikiwa na moyo mzuri, 55.

Najua hapo umeguna. Milioni 53 haikupi Madale, haikupi jipsamu. Inakupa vyumba viwili au vitatu vidogo upande wa Chanika, au Kigamboni ndani ndani, sakafu ya saruji, jiko la kupikia wali wa watu watano. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu ambacho dawatini sikuwa na nafasi ya kumwonyesha mtu. Umesema deni la Bodi linakwisha mwakani. Siku hiyo mshahara wako utapanda kwa 240,000 bila kumwomba mkurugenzi. Mkiwa na mkopo wa milioni 41, mkazichukua hizo 240,000 zote na kuzirundika juu ya marejesho kila mwezi, deni la miaka 20 halitafika hata miaka minane. Nimelihesabu mara mbili, kisha nikampa binamu yako alihesabu kwa kompyuta, tumelingana. Sababu ni ileile iliyokutisha juu: marejesho karibu yote yanakwenda kwenye riba, kwa hiyo kila shilingi ya ziada inakwenda moja kwa moja kwenye deni lenyewe. Kwenye nyumba ya milioni 95 hizo 240,000 zingekutana na elfu thelathini na mbili yenu, na mtoto mkubwa akiingia sekondari zingemezwa siku ya kwanza. Ila kabla hamjasaini ulizeni kama mkataba unaruhusu kulipa zaidi bila faini, na mwoneshwe ukurasa wenyewe. Mkiambiwa "hakuna shida, dada," jueni bado hamjajibiwa.

Mkwe wangu atasema, kwa nini tusijenge tu, kama watu wote? Ni swali halali, na nusu ya Dar es Salaam imejibu hivyo. Nami niliuza nyumba ya Tabata, nikajenga hapa Tanga kwa kudunduliza. Ilinichukua miaka 11. Msingi miaka miwili. Boma lilisimama miaka mitatu bila paa, nondo zikachomoza juu ya nguzo zikaota kutu, popo wakahamia kabla yetu. Tofali 400 zilitembea usiku mmoja. Tulipohamia madirisha mawili yalikuwa yamezibwa kwa mabati, na mkazamjomba wako akaning'iniza kanga mahali pa mlango wa chumbani. Sidaiwi na mtu, hilo ni kweli. Lakini miaka yote hiyo 11 nilikuwa nalipa kodi kwa mtu mwingine, na saruji haikuwahi kunisubiri kwa bei ya jana. Sikumbuki mtu yeyote aliyejumlisha kodi hiyo akasema ujenzi wa kudunduliza ni rahisi. Njia ya katikati ipo: nunueni nyumba ndogo kwenye kiwanja chenye nafasi, yenye ukuta unaoweza kutobolewa mlango. Chumba cha nne kitakuja, kwa fedha taslimu.

Ya mwisho nayapitia haraka, maana giza linaingia na mbu wa huku hawana adabu.

Bei ya milioni 95 aliitaja nani, mwenye nyumba au dalali? Benki haikopeshi kwa bei ya dalali; inatuma mthamini, naye akisema nyumba ni ya milioni 85 mkopo utahesabiwa kwa hiyo 85, na pengo mtalijaza nyinyi. Muulizeni muuzaji kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji. Ni ya kwake kuilipa, lakini asipoilipa uhamisho wa hati unakwama na mnaokesha ni nyinyi. Hati yenyewe mwangalie imebakiza miaka mingapi. Nyingine ni za miaka 99, lakini nilishaona ya miaka 33 ikiwa imebakiza tisa, mtu anakopa miaka 15 juu yake. Mwenye nyumba akisema hati hana, ana karatasi ya serikali ya mtaa tu, benki haitaipokea, na hata mkiwa na fedha taslimu ningewaomba msikimbilie. Hati iandikwe majina yenu wawili. Sheria inataka nyumba ya ndoa isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, lakini ridhaa nimeshaona ikisainiwa kwenye boneti ya gari na mama aliyeambiwa ni fomu ya bima.

Kodi ya majengo isikusumbue. Inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni gharama pekee katika biashara hii yote ambayo haijawahi kunikosesha usingizi.

Na mkichelewa marejesho, mtapewa notisi ya siku 60. Baada ya hapo ni mnada. Sikutishi. Niliwahi kuambatana na wenzangu kwenye mnada mmoja, nyumba ya wanandoa waliokopa kwa mishahara miwili, mmoja akaishiwa mkataba. Dalali anapaza sauti, watu wanapita sebuleni na viatu. Ukutani palikuwa na alama za penseli za urefu wa watoto, zenye tarehe. Mnunuzi akauliza ukuta huo ni wa kuosha au wa kupaka rangi upya.

Kama bado moyo wako uko Madale, sitakuzuia. Wewe ni mtu mzima na mkwe wangu ana akili. Nakuomba jambo moja la kufanya kwanza. Kuanzia mwezi huu, kila mshahara ukiingia, hamisheni 800,000 siku hiyohiyo kwenye akaunti ambayo hamuigusi. Ndiyo tofauti kati ya kodi yenu ya sasa na marejesho ya 1,100,000. Fanyeni hivyo miezi sita, masika ikiwemo. Mkiweza bila kukopa kwa jirani wala kukwepa simu ya mama yako, njooni Tanga na taarifa ya akaunti, nami nitaisoma nikiwa nimevaa miwani na nitabadili maneno yangu yote hapo juu.

Na utumie picha ya 32. Isimame getini, ielekee barabarani, ipigwe asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Mkwe wangu msalimie sana. Mama yako mwambie machungwa ya Muheza nimeyapakia kwenye basi la kesho alfajiri, kiroba kimeandikwa jina lake kwa kalamu nyekundu. Amtume mtu mapema, safari iliyopita wapagazi walikula nusu. Watoto wabusu mashavu.

Ni mimi,
Mjomba wako